Ukurasa wa Watu Kumi na Wanne

Kazini walimwita Bi Hesabu, na jina hilo alilipenda. Kazi yake ilikuwa kuhesabu wageni wa tovuti ya idara inayosimamia hospitali: wangapi wameingia, wametokea wapi, wamesoma nini, wamechokea wapi wakaondoka. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na miwili, mwembamba, asiyevumilia uchafu. Meza yake aliifuta mara mbili kwa siku, na ripoti zake zilikuwa safi vilevile.

Nje ya ofisi alikuwa katibu wa tawi la kanda la chama cha kimataifa cha watu wa kazi hiyo, wanachama arobaini na watatu waliotawanyika katika nchi saba. Kwa miaka sita ndiye aliyeandika mihtasari, akawakumbusha wasahaulifu vikao vya mtandaoni, na kuamua ugomvi wa watu wazima na ndevu zao waliobishana kama mtu akiingia asubuhi na kurudi jioni ahesabiwe mgeni mmoja au wawili. "Tawi hili bila Bi Hesabu ni gari bila usukani," Mwenyekiti alizoea kusema, naye alicheka kwa haya.

Mwaka ule aliandika ripoti ya kuisafisha tovuti. Kurasa mia sita zilikuwa mzigo, alieleza, tisini zingetosha. Akazipanga zote kwa idadi ya wageni, akapiga mstari, na zilizoangukia chini ya mstari zikafutwa. Mmojawapo ulikuwa ukurasa ulioonyesha ni hospitali zipi zina dawa ya sumu ya nyoka wiki hiyo. Wageni wake walikuwa kumi na wanne kwa mwezi. Hakufikiri mara mbili. Mkurugenzi alimpa mkono mbele ya wote, na tawi likapitisha kwamba apewe tuzo ya ripoti bora ya mwaka.

Miezi minane baadaye, asubuhi, fundi seremala mmoja alifika mapokezi akaelekezwa kwake. Alikuwa na vumbi la mbao kwenye nyusi. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayeogopa kukichafua, mkononi kashika simu yenye kioo kilichopasuka.

"Samahani kukusumbua, mama. Wameniambia wewe ndiye mwenye kujua mambo ya tovuti."

"Karibu, fundi. Kuna tatizo gani?"

"Nina swali dogo tu. Mke wangu aliumwa na nyoka, mwezi wa tatu, nyuma ya nyumba, akianua nguo. Ule ukurasa wenu wa dawa naujua, niliwahi kumsaidia jirani kwa huohuo. Nikauandika kwenye simu, ukagoma. Nikaandika tena, ukagoma. Basi nikamkimbiza hospitali ya karibu. Dawa hawana. Wakasema twende kwingine. Tulipofika, alikuwa ameshakata roho. Ninachotaka kujua, mama, ni hiki: niliandika vibaya? Maana mikono ilikuwa inatetemeka. Shemeji zangu wanasema nilichanganyikiwa, ndiyo maana dada yao kafa."

Bi Hesabu alivuta kalamu na karatasi. "Niachie tarehe na saa," akasema. "Nitaangalia."

Fundi alipoondoka, akafungua kumbukumbu za mashine inayoendesha tovuti. Kila anayeutafuta ukurasa usiokuwepo huandikwa, ila orodha hiyo yeye mwenyewe alikuwa ameiondoa kwenye ripoti zake, kwa sababu iliziharibia sura. Akaitafuta tarehe. Saa kumi na moja na dakika kumi na mbili jioni: simu moja, ukurasa mmoja, haupo. Dakika ya kumi na tatu, haupo. Dakika ya kumi na tatu tena. Mara tisa katika dakika kumi na moja, herufi kwa herufi, bila kosa hata moja. Chini yake kulikuwa na mistari ya siku nyingine, ya simu nyingine. Hao hakuwa na njia ya kujua yaliwaishia vipi.

Mkurugenzi alimsikiliza akiwa amesimama.

"Umeshamwambia huyo mtu?"

"Bado."

"Basi usimwambie. Na usiandike popote."

"Naomba turudishe ukurasa leo."

"Kwa orodha ipi? Mfamasia aliyeikusanya alihamishwa, maana ulipofuta ukurasa hakuwa na kazi tena. Maji yameshamwagika, mama."

Wiki mbili baadaye ulikuwa mkutano wa mwaka wa tawi, katika ukumbi wa hoteli wenye baridi ya kiyoyozi. Wanachama kumi na tisa walikuwa wamefika wenyewe, wengine walionekana kwenye skrini ukutani. Alipoitwa kupokea tuzo, aliomba kusema neno. Mwenyekiti akamwinamia sikioni.

"Mama, watu wamekuja kufurahi."

"Najua. Na mimi nilikuja nifurahi."

Akawasimulia yote, bila kujitetea. "Nilihesabu kumi na wanne, nikaona wachache," akamaliza. "Sikujiuliza wanatafuta nini. Wangapi waumwe na nyoka ndipo tuwaone ni watu?" Akatoa hoja: ukurasa wowote usifutwe kwa uchache wa wageni kabla ya kuuliza wageni hao ni nani.

Sauti ikatoka kwenye skrini: "Samahani, hao kumi na wanne, ulichukua wastani wa miezi mingapi?" Mtu mmoja alicheka, akajikohoza kuficha. Mwenyekiti akasema hoja imepokelewa na itapelekwa makao makuu, na kwamba chakula kiko tayari. Tuzo ilibaki mezani, hakuna aliyeigusa.

Jibu la makao makuu lilikuja na mistari mitatu: wanashukuru, wanasikitika, jambo hilo halimo katika majukumu ya chama. Lilipofika, Mkurugenzi alikuwa ameshamfukuza kazi kwa kutoa siri za ofisi, na Mwenyekiti ameshamwomba akabidhi daftari la wanachama, "upumzike kidogo, mama yetu."

Ndipo akaenda kwa fundi. Alimkuta kwenye karakana yake, akipiga randa ubao wa kitanda.

"Fundi, hukukosea. Uliandika sawasawa, mara tisa zote. Ukurasa haukuwepo. Niliufuta mimi."

Fundi akaweka randa chini. "Kwa nini?"

"Wasomaji walikuwa wachache."

"Wachache," akarudia polepole, kama anayejaribu neno la kigeni. Akaufuta ubao kwa kiganja, ingawa haukuwa na kitu. "Nina watoto watatu, mama. Niliwaambia mama yenu amekufa kwa sababu baba alitetemeka." Akaugeukia ukuta. "Nenda. Sikutukani. Lakini nenda kabla hawajarudi kutoka shule."

Akaenda.

Ukurasa ulirudishwa mwaka uliofuata, ukiwa na orodha ya zamani. Bi Hesabu huzipigia hospitali simu mwenyewe, moja baada ya nyingine, kuuliza kama dawa ipo, na kuiandikia idara masahihisho. Mara mbili yaliwekwa. Mara nyingine zote hajajibiwa.