Mtoto Mweupe wa Mbega

Kilichoninyima usingizi usiku ule, nikiwa mtoto, ni hiki: je, nilimwona kweli mtoto wa mbega, au ilikuwa tu ile kuvu nyeupe inayoning'inia mitini kama ndevu? Hata leo asubuhi, mama mmoja aliponipita na mzigo wa majani mabichi uliofungwa kwa kamba za mgomba, harufu ya majani hayo ilinirudishia wasiwasi uleule.

Siku hiyo tulikuwa msituni, mimi, mama mdogo na mwanamke mwenzake, kukata majani ya ng'ombe. Nilimwambia mama mdogo kwamba nimeona mbega mchanga, mweupe mwili mzima. Akacheka.

"Mbega ni weusi, mama. Labda upepo umepeperusha blauzi ya mtumba."

Mwenzake akadakia, "Huyu hata mbuzi wa kwao humchanganya na wa jirani, leo anawajua mbega."

Kesho yake tuliporudi msituni nilijitenga nao, nikarudi chini ya mti uleule. Mbega walikuwepo. Nilisimama bila kutikisika, na siafu wakaanza kunipanda miguuni. Kisha jike mmoja akalegeza mikono, na kifuani pake kikatokea kitu cheupe chenye uso mwekundu. Kikapiga miayo.

Hapo mama mdogo akaniita. Msituni ukiitwa unaitika. Asiyeitika huhesabiwa amepotea, na hachukuliwi tena kwenda kukata majani. Lakini ningepaza sauti, mbega wangekimbia nami ningebaki mwongo. Akaita tena, sauti ikitetemeka. Siafu walishafika mapajani.

Sikuitika. Niliposikia nyayo zake zikija mbio, nilinyoosha tu mkono juu kumwonyesha yule mtoto mweupe.