Kijisanduku cha Mama Vitambaa

Mama Vitambaa hakupenda kuona kitu kikiwa uchi. Redio aliivika, mtungi wa maji akauvika, na rimoti ya televisheni ilikaa kwenye nailoni toka siku iliponunuliwa, mpaka namba zake zikawa hazisomeki. Kufuma ndiyo kazi yake. Wenye ndimi zao walisema marehemu mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa hakai mahali pamoja kwa muda mrefu, akiogopa naye kufumiwa kitambaa chake.

Jamani, msimcheke upesi. Nyumba yake ilikuwa kilimani, kando ya barabara ya malori, na lori likipanda kilima lazima litapike moshi dirishani. Humo ndani alikuwamo mjukuu wake wa miaka sita, mwenye pumu. Lori likibadili gia, kifua cha mtoto kinaitikia.

Majirani walilalamika mwaka mzima malori yahamishwe, hadi ofisi ya jiji ikaleta kijisanduku cha kupima hewa. Kingekaa miezi mitatu. Kikinasa moshi wa kutosha, malori yaondoke. Kilifungwa kwenye ukuta wa Mama Vitambaa, maana mtaa mzima ulijua hakuna kitu kilichowahi kuharibikia mikononi mwake.

"Mama, kitunze kama mboni ya jicho lako," afisa wa vipimo alimwambia.

Yeye wa kuambiwa hivyo! Siku ile ile alikifumia vazi jeupe, zito, lenye bitana ya nailoni ili vumbi lisipate pa kupenya. Akafuma na la akiba. Kila Jumamosi alivua moja, akavika jingine, akafua. Maji yalitoka meusi tii, naye akayamwaga mtaroni akijisifu, "Uchafu wote huu ungeingia kwenye mashine ya watu!"

Miezi mitatu ikaisha. Asubuhi hiyo alikivua kijisanduku vazi lake kwa heshima ya mgeni. Afisa akaja na karatasi, majirani wakajaa uani.

"Hongereni sana! Hewa yenu ni safi kuliko ya bustani ya jiji. Kwa hiyo hata malori ya barabara ya sokoni tutayapitisha huku."

Kinyozi wa mlango wa pili akakohoa kwanza, kisha akauliza kama hiyo mashine ina akili timamu.

"Nzima kabisa. Nimeikuta haina hata chembe ya vumbi." Afisa akamgeukia Mama Vitambaa. "Mama, siri yako nini?"

Mama Vitambaa akayakumbuka yale maji meusi ya kila Jumamosi. Angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Lakini chumbani mtoto alikuwa akivuta pumzi kwa shida, kama anayevuta ndoo kisimani.

"Mwanangu, mimi nilikifunika," akasema, akalitoa lile vazi kwapani.

Kinyozi akashika kichwa. Mama Vitambaa aliona aibu ambayo hajawahi kuiona tangu azaliwe. Afisa naye akakunja karatasi yake: ripoti imeshasainiwa, mama, kijisanduku kinasubiriwa mtaa mwingine, labda mwakani. Mwakani! Kana kwamba kifua cha mtoto nacho kina kalenda.

Vazi lile akalitundika nje ya dirisha; Jumamosi akalifua kama kawaida, ila maji hakuyamwaga. Jumatatu alijitwika beseni kichwani mpaka ofisi ya jiji, akalitua juu ya meza ya afisa, katikati ya karatasi.

"Haya ni ya wiki moja tu, nje ya dirisha langu. Mjukuu wangu anayavuta kila siku."

Afisa aliruka na kiti chake. Akatazama mlangoni kama mkubwa wake anakuja, akanyakua gazeti, akalifunika beseni harakaharaka.

Mama Vitambaa alilitazama lile gazeti, kisha akamtazama yeye.

"Funua, mwanangu," akasema. "Mimi nilifunika kwa kutojua."