Mipira ya Upande wa Kushoto

Nilipangiwa kufundisha hisabati Mtwara katikati ya miaka ya tisini, nikitokea Singida, na miezi ya mwanzo sikuwa na mtu wa kuzungumza naye kengele ya mwisho ikishalia. Walimu wenzangu walikuwa na familia zao. Mimi nilikuwa na chumba kimoja na kitanda cha kuazima. Ndivyo nilivyoanza kwenda klabu.

Jengo lilikuwa la wazungu waliokuja enzi za mradi wa karanga, wakaondoka na kuacha meza moja ya snuka, ule mchezo wa kupiga mipira kwa fimbo iingie mifukoni. Kitambaa chake kilikuwa kimepauka na kushonwa sehemu mbili. Mpira wa waridi ulikuwa umepotea, kwa hiyo mtu alichukua mwekundu mmoja akaupaka rangi ya kucha. Umeme wa mji ulikuwa wa kubahatisha, tukawa tunacheza kwa mwanga wa madirishani, kuanzia saa kumi alasiri hadi giza lianze kuingia.

Nilidhani mchezo ule ningeuweza upesi. Kutwa nzima nilikuwa nachora pembe ubaoni. Pembe za mezani zingenishindaje? Zilinishinda. Nikipiga mipira mitano, minne inagonga mdomo wa mfuko na kurudi. Siku nyingine ninaingiza mitatu mfululizo, najiona bingwa, halafu saa nzima inapita sijaingiza hata mmoja.

Aliyekuwa akinitazama ni dereva wa lori, mtu wa Mikindani aliyekaribia miaka sitini, mwembamba, mwenye kofia ya kufuma. Kampuni yake ilikuwa ikisomba korosho kutoka vijijini kuleta maghalani. Hakunywa pombe, alikuja klabu kwa ajili ya ile meza tu, akaagiza soda moja na kukaa nayo mpaka inakuwa vuguvugu kama maji ya mtungi uliosahaulika juani. Hakuna aliyemshinda pale. Nilikuwa nimeshamwamkia siku nyingi kabla hajanisemesha.

"Mwalimu," aliniambia siku moja, "wewe unaulenga mfuko. Mfuko hauhami. Utaukuta palepale."

"Sasa nilenge nini, mzee?"

Akachukua mpira mweupe, ule unaopigwa kwa fimbo, akaugusisha na mwekundu, kwa nyuma, ukiwa mstari mmoja na mfuko. Kisha akauondoa. "Hapa ulipokuwa. Ona kama bado upo. Huo mpira usiokuwepo ndio unaoulenga. Ukiuona, umemaliza kazi."

Alinifundisha miezi mitatu. Kwanza kusimama: nisimame wima nyuma ya mpira, niuone mstari nikiwa bado nimesimama, ndipo niiname juu yake, maana ukiinama kwanza na kuanza kutafuta umeshachelewa. Fimbo iguse kidevu. Kiwiko kibaki juu, mkono ndio ubembee. Kichwa kisiinuke hadi nisikie mpira umeanguka. Hilo la kichwa lilinitesa kuliko yote, kwa kuwa kila binadamu anataka kuona alichokifanya. Alikuwa ananiwekea kiganja juu ya kisogo, bila kukandamiza, na mimi napiga nikiwa chini ya kiganja kile.

Aliuweka mpira wa buluu katikati ya meza akaniambia nirudie pigo lilelile mara ishirini. Nisibadili kitu mpaka nijue nilikosea nini. "Ukikosa, usiulize kwa nini hukuingiza. Uliza mweupe umegonga wapi." Nikajizoesha kutazama hapo tu, mweupe unapogonga. Mwezi wa tatu, katika mapigo ishirini nilikuwa naingiza kumi na tano au kumi na sita, siku zote, hata siku ambazo nilikuwa nimechoka. Sikuwahi kufurahia jambo namna ile tangu nifike Mtwara.

Kwa kuwa alinifundisha kutazama, nikamwona.

Alianza kukosa. Si ovyo, alikosa kwa upana wa ukucha, na karibu kila mara mpira ulipokuwa kushoto kwake. Nilifikiri ni uzee. Halafu nikaona kwamba mpira ukikaa kushoto, karibu na ukingo, anaupita kabisa na kwenda kuhangaika na mgumu zaidi ulioko kulia. Sikujiuliza maana yake. Nilichofanya, na hili nimelificha miaka mingi, nilianza kumwachia mipira upande huo. Kila nilipokuwa sina pigo, niliusogeza mweupe mahali ambapo kazi yake yote itabaki kushoto. Wiki mbili baadaye nikamshinda kwa mara ya kwanza. Watu waliokuwapo walinipigia makofi. Naye alicheka, akanipa mkono, na mkono wake ulinitafuta kidogo hewani kabla haujaukuta wangu.

Hapo ndipo nilipoelewa.

Tulipobaki wawili nikauweka mpira wa kijani kushoto kwake, nikamwuliza, "Mzee, wa kijani uko wapi?"

Akageuza shingo yote, kama kuku anayetazama mwewe, ndipo akauona. Alikaa kwenye benchi. Akaniambia jicho la kushoto limekuwa moshi tangu mwaka uliopita, na la kulia limeanza kuingiwa na ukungu pembezoni.

"Na barabarani?"

"Barabara naijua. Nimeiendesha miaka thelathini." Kisha akanishika kifundo cha mkono. "Msimu huu mmoja tu, Mwalimu. Korosho zikiisha naacha mwenyewe, kwa heshima yangu. Usiniharibie." Nikamwahidi.

Bosi wake wa usafirishaji nilimfahamu. Jumapili tulikaa benchi moja kanisani. Ningeweza kumwambia wakati tunatoka, tukiwa bado tunapeana mikono. Jumapili nne nilikaa karibu naye, tukaimba kwenye kitabu kimoja cha nyimbo, nikarudi nyumbani. Nilijiambia ahadi ni ahadi.

Novemba, alasiri moja, dereva akiwa ametoka kijiji cha Mpapura na lori limejaa magunia, alimgonga mwanamke aliyekuwa akitembea kando ya barabara, upande wa kushoto, na mzigo wa mihogo kichwani. Mwanamke yule alifia palepale.

Askari walilikagua lori, wakasema breki zilikuwa mbovu. Zilikuwa mbovu kweli. Lori lenyewe lilikuwa zee kuliko wanafunzi wangu. Dereva alilala mahabusu siku chache, kisha wakamwachia na shauri likaishia kwenye breki. Hakuna aliyemwuliza habari za macho.

Alikuja klabu wiki iliyofuata. Hakugusa fimbo. Alisimama karibu na mlango akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ulimwambia mtu?"

"Sijamwambia mtu, mzee. Kama nilivyokuahidi."

Akatikisa kichwa taratibu. "Basi tuko wawili," akasema.

Alirudisha funguo za lori kazini. Ilipofika arobaini ya marehemu akanipitia shuleni, akaniomba nimsindikize Mpapura. Mume wa marehemu, mkulima wa korosho aliyeshika miaka arobaini hivi, alitupokea kama wageni wengine. Tukatandikiwa mkeka. Baada ya dua, watu wakipungua, dereva akamwomba yule baba wasogee pembeni ya nyumba, nami nikafuata. Hakuzunguka kwa maneno. Alimwambia breki zilikuwa mbovu, lakini hata zingekuwa nzima asingezikanyaga, kwa sababu hakumwona mkewe. Alimwambia alikuwa anajua haoni, na akapanda lori hivyohivyo.

Mbuzi alikuwa akikwangua mlango wa jiko kwa pembe. Yule baba akanitazama mimi. Kiswahili chake kilikuwa na Kimakonde ndani yake.

"Na huyu ntu mwingine? Naye alijua?"

Nilifungua kinywa. Dereva akaniwahi.

"Hakujua, wallahi. Huyu ni mwalimu tu, amenisindikiza."

Nami nikaacha iwe hivyo. Nilisema "Poleni sana," nikatazama chini.

Tulirudi mjini. Tangu siku ile, nikitembea barabarani, nasikia hatua za mtu kushoto kwangu, nyuma kidogo, za mtu aliyebeba mzigo mzito. Nikigeuka hakuna mtu. Sikuwa naamini mambo hayo, na sijui kama naamini sasa. Mezani ndiko kulikokuwa kubaya zaidi. Niliendelea kucheza, na ajabu ni kwamba sikuwahi kucheza vizuri vile. Mkono wangu haukutikisika. Mipira iliingia. Lakini kila nilipoinama juu ya mstari nilihisi kiganja kwenye kisogo, chepesi, na wakati mwingine hakikuwa kiganja cha mwanamume. Mwisho nikaacha kwenda. Baadaye meza iliuzwa, ikafunguliwa vipandevipande na kupakiwa. Nilipita siku hiyo nikaona mabamba yake ya mawe, yale ya chini ya kitambaa, yameegemezwa ukutani nje.

Nilioa, nikapata watoto. Miaka minane ilipita kabla sijapanda gari kwenda Mpapura peke yangu. Nilimkuta yule baba amekaa kibarazani anachambua korosho, akitupa mbovu kwenye karai. Alinikumbuka. Nilimwambia yote: mipira niliyomwachia dereva upande wa kushoto, ahadi, Jumapili nne, na namna nilivyonyamaza mbele yake.

Hakuacha kuchambua. "Mbona umekuja leo?"

"Nimeshindwa kukaa nalo, mzee."

"Kwa hiyo umeniletea mimi." Akatupa korosho nyingine kwenye karai. "Sasa unataka nilifanyeje?"

Nilikaa mpaka ikawa aibu kukaa zaidi, nikaaga, akaitikia.

Siku ya pili nikaenda Mikindani. Dereva alikuwa kipofu kabisa wakati huo, anaishi kwa bintiye katika nyumba ya mawe iliyoanza kubomoka upande mmoja. Alinitambua kwa sauti. Nilimweleza nilikotoka, nikitegemea, nadhani, kwamba angefurahi. Aligeuza uso.

"Nilikusemea kwa jina la Mungu kwenye msiba wa watu," alisema. "Kitu kimoja nilikupa, Mwalimu. Umekwenda kukirudisha. Sasa yule baba ananijua mimi ni muuaji na mwongo."

"Nilitaka kusema kweli."

"Ungeisema siku ile."

Hakuniambia niondoke. Bintiye akaleta chai, tukanywa. Nikamwambia kama anataka tutakwenda Mpapura pamoja, nitamshika mkono. Akasema atafikiri. Nilikwenda kumwuliza tena mara mbili, na mara zote mbili alisema bado anafikiri.

Alifariki masika yaliyofuata. Nilikwenda kuzika. Mimi si Mwislamu, nikasimama pembeni, matope yakinifika vifundoni. Wanaume walipokuwa wakitia udongo kwa zamu nikamwona yule baba wa Mpapura katikati yao, amevaa kanzu iliyolowa. Sijui nani alimpa habari, wala alitokaje kwake na barabara ilivyokuwa siku hiyo. Alichota udongo mara tatu kwa mkono, akautia, akakaa hadi dua ikaisha. Wakati wa kutoka njia ilikuwa moja, nyembamba. Nikamwamkia. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jambo, kisha akanipita bila kuitikia, akashika njia ya stendi pamoja na wengine.