Marsiana Alipokwenda Kulima Ukweni

Marsiana wa Kizwite, mjini, alipona saratani ya damu akiwa na miaka tisa. Ndugu zake wakafanya misa ya shukrani, wakanywa pombe ya ulezi, wakaona yamekwisha. Tangu hapo, akisema anaumwa walimwona kama anamkana Mungu. Wajinga wale! Dawa kali ziliiua saratani kweli, lakini zilimwachia moyo mchovu na miguu iliyokufa ganzi. Daktari alimweleza yote hayo waziwazi, naye akasikiliza kama anayesikiliza habari za mtu mwingine.

Sasa ana miaka ishirini na sita, na Eustaki wa kijiji cha Chala anataka kumwoa. Marsiana naye anamtaka. Pengine ndicho kitu pekee anachokitaka. Lakini kwa akina Eustaki mchumba hupelekwa kwanza shambani kwa mama mkwe, afukie majani kwenye matuta, mkono wake uonekane.

"Ukifika kule, ya hospitali uyaache hukuhuku," mama yake alimwonya. "Wewe ulishapona."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini nani hukumbuka methali posa ikiwa mlangoni?

Siku ya shamba ikafika. Mama Eustaki, mwenye ulimi mkali kuliko jembe lake, alikuwa mbele akigeuza udongo.

"Wewe binti wa mjini, mbona unahema? Au ulizoea kulima kwenye simu?"

"Nakuja, mama."

Moyo ulimpiga mpaka kooni. Akainua jembe, akashusha, akainua tena. Mama Eustaki akageuka amtanie zaidi, macho yakamwangukia mguuni. Jembe lilikuwa limemkata Marsiana kidole cha mguu, damu inachuruzika, naye bado analima.

"Mwanangu! Husikii maumivu?"

"Sisikii, mama."

Basi akasema yote: saratani, dawa, moyo, na kwamba mimba inaweza kumuua. Aliyasema kwa sauti ya mtu anayeomba maji.

Mama Eustaki hakugomba. Alichana kipande cha kitenge chake, akamfunga kidole taratibu, akamketisha kivulini, akamletea togwa.

"Pole sana, mama. Pumzika. Eustaki atakurudisha kwenu."

Marsiana angependa atukanwe. Mkwe hugombezwa arudi kazini. Anayebembelezwa ni mgonjwa. Alijua posa imekwisha. Alijitafutia machozi, hayakuja, akainywa togwa mpaka ikaisha.