Nilililia Kaburi Lisilo la Babu

Ndugu zangu, hili naliungama kwa aibu. Babu aliondoka Nambambo kabla baba hajazaliwa, akatuma barua moja tu kutoka Mandawa. Chini iliandikwa jina Kasiani, nasi nyumbani tukadhani ndilo jina jipya alilojipa huko.

Mwezi uliopita nilikwenda kumtafuta, nikaelekezwa kwa mjane wa marehemu Kasiani. Wanawe nikawaita baba wadogo. Kaburini nikapiga magoti, nikalia kwa sauti: "Babu, mjukuu wako nimefika!"

Bibi yule akanifuta machozi kwa khanga, akaomba nimsomee ile barua niliyokuja nayo. Nilipomaliza, alinishika mkono.

"Pole, mjukuu wangu. Mume wangu alikuwa akiwaandikia barua wasiojua kuandika, na chini akiweka jina lake mwenyewe. Huyo babu yako hatumjui."

Nilibaki nimepiga magoti, udongo usoni, wale baba wadogo wakinitazama kwa huruma.