Mzee Kuramochi Anachagua Deki

Kila mtu katika jengo letu hapa Osaka anajua kwamba mimi, Hisano, sipendi kelele. Nimeuza vyakula vya boksi kituoni hadi nywele zikageuka, nikashiba makelele ya watu na ya treni, na nilipostaafu nilichotaka ni chai yangu na ukimya tu. Badala yake nikawa jirani wa chini wa Mzee Kuramochi.

Ni mtu wa adabu, hilo siwezi kumnyima. Kila aliponunua deki mpya ya kuchezea diski zake za filamu, alishuka kwanza kwangu na boksi la keki za maharage, kuomba radhi kabla ya kosa.

"Bi Hisano, nimeleta mashine nyingine. Huenda ikakusumbua kidogo."

"Ile ya zamani imekufa?"

"Haijafa. Haisemi vizuri."

"Basi mzee wangu, safari ijayo nunua bubu kabisa."

Alicheka, akainama, akapanda ngazi. Baada ya muda dari yangu ilianza kutetemeka, vikombe vikagongana kabatini. Nimekula keki nyingi za yule mzee kuliko nilizowahi kuletewa na wanangu wa kuzaa. Na kila deki ilikuja na kishindo kikubwa kuliko iliyoitangulia. Mafundi walimshauri apunguze besi, mwenye jengo alimshauri, mimi nilimshauri kwa mpini wa ufagio. Sikio la kufa halisikii dawa. Tulimwona mwanamume aliyefiwa na mke, asiye na mjukuu wa kuchezea, akaamua kuchezea vyombo.

Jumapili moja ya mvua za mwanzo wa majira ya joto nilichoka. Nilipanda juu na hasira yangu yote. Nikabonyeza kengele, kimya. Nikagonga mlango kwa ngumi, kimya. Mlango haukuwa umefungwa, nikaingia huku nikitukana kwa sauti, na mzee hakugeuka. Alikuwa amekaa chini mbele ya televisheni, rimoti mkononi, analia.

Chumba chenyewe sasa! Deki zimepangwa ukutani kama majeneza ya watoto. Nyingine ameiweka juu ya kipande cha jiwe la kaburi alichokipata kwa mchongaji, eti isitetemeke. Nyaya nene kuliko kifundo changu cha mkono. Spika mbele, spika nyuma, na lile dude la besi lililokuwa likinivunjia vikombe limekaa pembeni kama mkwe.

Aliponiona alishtuka, akafuta uso, akataka kuinuka kunipikia chai. Nikamwambia akae. Hasira ilinitoka yote, nikabaki nimesimama na soksi zangu zimelowa mvua ya ngazini.

"Unalia nini, mzee?"

Alinitazama mdomoni, si machoni. Nikarudia kwa nguvu. Ndipo akanieleza, na mambo aliyonieleza sikuwahi kuyajua miaka yote niliyoishi chini ya miguu yake.

Kazi yake katika shirika la reli ilikuwa kugonga magurudumu. Treni ikilala gereji, yeye alipita chini yake na nyundo ndogo ya mpini mrefu, anagonga gurudumu, anasikiliza. Chuma kizima hulia, chuma chenye ufa huguna. Alifanya hivyo tangu ujana wake, na hakuna treni iliyotoka mikononi mwake ikaanguka. Mwanawe wa pekee, Shunpei, alirithi sikio la baba lakini hakutaka reli. Alikwenda Tokyo kunasa sauti za filamu: nyayo, milango, mvua juu ya bati. Watu wanaotafuta sifa huenda mbele ya kamera, yeye alijificha nyuma ya maiki.

"Filamu moja ilihitaji sauti ya gereji ya treni," mzee akasema. "Akaja nyumbani, tukaenda pamoja. Mimi nilishika maiki, yeye akapiga kwa nyundo yangu. Mapigo yale ya mwanzo hafifu, kisha moja likalia vizuri sana, Bi Hisano, jembamba, refu, halitaki kuisha. Alicheka. Akasema hilo ndilo."

Shunpei alikufa mwaka uliofuata. Mshipa ulipasuka kichwani akiwa kazini. Na huyo mtu aliyenasa sauti za dunia nzima hakuacha mahali popote sauti yake mwenyewe. Hata kwenye simu alikuwa mtu wa kuandika ujumbe. Kilichobaki cha mkono wake ni pigo lile moja, ndani ya filamu, pale mwanamke anapongojea mvuani kando ya reli.

"Nilipoiona filamu kwenye jumba la sinema niliusikia mlio ule. Marehemu mke wangu alinifinya mkono. Sasa kwenye diski naona mwanamke, naona mvua, mlio sioni. Na hizi diski mpya hubeba sauti yote kama ilivyonaswa, haikubanwa hata kidogo. Kwa hiyo umo. Deki ndizo zinazoumeza."

"Zote hizi?"

"Zote. Lakini zimebaki mbili sijazijaribu. Viwanda vinaacha kuzitengeneza, na duka ninakonunua kule Nipponbashi linafunga chumba cha kusikilizia. Kesho nachagua ya mwisho. Twende wote. Wewe una masikio makali, unasikia hata nikiangusha kijiko."

"Nasikia hata unapokiokota," nikamwambia. Alicheka, lakini nadhani alicheka kwa sababu aliona mimi nimecheka.

Kesho yake tukaenda. Muuzaji, Bwana Umezaki, mtu wa makamo aliyevaa tai iliyonyooka kuliko maisha yangu, alitupokea mlangoni. Alimjua mzee kama mtu anavyomjua shemeji. Akatuingiza katika chumba cha mapazia mazito, viti viwili, spika pande zote. Mzee akatoa diski yake mfukoni, imefungwa kwa kitambaa.

Deki ya kwanza ilikuwa nzito, Bwana Umezaki aliibeba kwa mikono miwili huku uso umemwiva. Chuma chake kinene ili isitikisike, na sauti ina njia zake peke yake, haipiti pamoja na picha. Ya pili ilikuwa nyembamba, picha yake safi mno, sauti inaitoa mbichi na kuiachia amplifaya kazi ya kuipika. Mzee aliuliza maswali ya kitaalamu, akajibiwa, akaitikia. Mimi niliitikia pia, kwa heshima ya chumba.

Ikachezwa ile nzito. Mvua ikaanza nyuma yangu, nikageuka kutafuta mwavuli. Treni ikapumua. Kisha mapigo, ko, ko, ko, na ghafla mlio ukaja. Ulitoka mbali, mwembamba, safi, ukapita kichwani mwangu taratibu ukaenda zake. Nikamgeukia mzee nikitabasamu.

Alikuwa bado anangoja. Mwanamke wa kwenye filamu alishapanda treni, mzee bado ameinamisha kichwa, anangoja.

"Hii nayo imeumeza," akasema. "Weka ile nyingine."

"Huenda ni waya, mzee wetu," Bwana Umezaki akasema, akitazama viatu vyake. "Tutabadilisha waya."

Nilimvuta yule bwana hadi nyuma ya pazia.

"Wewe umeusikia?"

"Mama, mteja wetu ana uzoefu mkubwa kuliko..."

"Nimekuuliza masikio, sijakuuliza heshima. Umeusikia?"

Alirekebisha tai yake. "Nimeusikia."

"Tangu lini?"

"Tangu deki ya kwanza, mama."

Nilitamani kumnyonga kwa ile tai. "Na ukamuuzia zote hizo! Mbona hukumwambia?"

"Ningemwambiaje? Alikuja hapa amevaa koti lake zuri, ana matumaini. Kila mara nilisema leo nitamwambia. Mama, wewe ungeweza?"

Sisi ni watu wa kumwonea mtu haya hadi tumzike. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua, na huyu walikuwa wanamfichia wenzake. Nilitoka nyuma ya pazia, nikapiga magoti mbele ya kiti chake ili aone mdomo wangu.

"Mzee Kuramochi. Mlio upo."

"Upo?"

"Upo kwenye deki hii. Nimeusikia mimi, ameusikia na huyu. Na nadhani upo kwenye zile zote za nyumbani."

Nilidhani hakunielewa, nikafungua mdomo nirudie, akainua mkono kunizuia. Kisha akaingiza mkono huohuo mfukoni akatoa kijaluba kidogo. Ndani kulikuwa na vifaa vya masikioni vya kusaidia kusikia, vipya, havijaguswa. Kumbe alikwenda kwa daktari. Kumbe alivinunua, akavificha hata na yeye mwenyewe.

"Daktari alisema sauti nyembamba zimeondoka," akasema. "Nilimwona kijana tu. Mimi nimesikiliza chuma maisha yangu yote, aniambie yeye?"

Alivivaa. Vikapiga filimbi, Bwana Umezaki akamsaidia kuvikaza. Tukacheza tena. Nikaona mzee amefumbua macho.

"Mvua!" akasema. "Naisikia mvua!"

Bwana Umezaki alinikamata kiwiko. Mapigo yakaja, mzee akayahesabu kwa kidole, ko, ko, ko. Kidole kikabaki juu. Mlio ukapita, ule ule, mtamu, ukatuzunguka sisi sote watatu, na kidole chake kikabaki juu kinangoja.

"Ongeza," akasema.

Tukaongeza. Watu wakachungulia mlangoni. "Ongeza!" Vioo vikaanza kulia, mimi nikaziba masikio, mlio ukawa kama sindano. "Ongeza, Bwana Umezaki, nakusihi, ongeza!" Bwana Umezaki alizima mashine. Alikuwa analia waziwazi, mtu mzima mwenye tai.

Mzee alivitoa vile vifaa, akavirudisha kwenye kijaluba chao. Akaweka mikono juu ya magoti.

Hatimaye akauliza, kwa sauti ya mteja, "Kati ya hizi mbili, mlio unalia vizuri kwenye ipi?"

"Mzee, twende nyumbani. Deki ya nini tena?"

"Bi Hisano. Ipi?"

Tukacheza ile nyembamba, nikasikiliza kama sijawahi kusikiliza kitu. Kisha ile nzito tena. Kwenye nyembamba mlio ulikatika mapema kidogo. Kwenye nzito uliendelea hadi ukaisha wenyewe. Nikamwonyesha nzito.

"Funga hiyo," akamwambia Bwana Umezaki.

Nikashindwa kujizuia. "Lakini hutausikia!"

"Najua."

"Sasa?"

"Mtoto akiita nyumbani kwao na baba ni kiziwi," akasema, "ndiyo mtoto azibwe mdomo?"

Safari ya kurudi tuliibeba deki sisi wawili, mimi upande huu yeye upande ule, tukiwa tunapumzika kila ngazi.

Jumamosi alikuja kunigongea. Nikapanda, nikakaa kwenye mto alioniwekea, chai mbele yangu. Aliicheza diski toka mwanzo, lakini yeye hakukaa kuelekea televisheni. Alikaa kunielekea mimi. Mwanamke alipofika kando ya reli, nilihisi macho yake usoni pangu, hayapepesi. Mvua ikaanza. Mapigo yakaja. Nilijiambia nitaitikia kwa kichwa tu, kwa utulivu, ajue umefika.

Mlio ulipolia sikuweza. Niligeuza uso ukutani, na hivyo ndivyo alivyojua kwamba Shunpei amepiga.