Gitaa Lililokoroma

Siku Kemuma alipopita soko la Nyacheki na gitaa mgongoni, limefungwa kwa leso kama mtoto mchanga, watu walimcheka, na haki yao walikuwa nayo. Mwanamke aliyevuka arobaini, vidole vimeiva weusi kwa utomvu wa majani chai, tena Msabato wa kanisa ambako hata kupiga makofi ni jambo la kuitiwa kikao cha wazee, leo ana gitaa! Wengine walisema amepata mchumba mwanamuziki. Wengine, wenye huruma zaidi, walisema ni umri tu. Kemuma alimsalimia kila aliyemsalimia, akanunua chumvi, akaenda zake.

Hakuwa na mchumba. Alikuwa na hamu, na hamu hiyo ilikuwa ya sauti moja tu.

Babake, mzee Mokua, alikuwa mpigaji wa obokano, kile kinubi kikubwa cha Wagusii chenye nyuzi nane na tumbo la ngozi ya ng'ombe. Aliitwa harusini kuanzia Nyamache hadi Nyansiongo. Huko alipiga nyimbo za harusi, watu wakacheza, akarudi. Lakini nyumbani kwake, jioni, alikuwa na wimbo mwingine usio na jina wala maneno, wimbo wa nyumba yake peke yake, na Kemuma alilala nao utoto wake wote. Obokano lile halikulia kwa sauti safi. Lilikoroma. Sauti nene ilitoka tumboni mwake ikitetema na kukwaruza, hata vikombe vya kabatini vikaitikia. Mamake Kemuma, mwanamke ambaye hakuwahi kumsifu mumewe mbele ya macho yake, alizoea kumkemea kutoka jikoni: wewe na hilo dude lako, nani anakoroma zaidi?

Mzee akafa. Kemuma wakati huo alikuwa ameolewa upande wa Borabu. Ndoa ilipoisha, maana nazo huisha, alirudi nyumbani kumtunza mamake, akakuta panya wamekula ngozi ya obokano na mchwa wamekula mti. Hata lingekuwa zima asingeligusa. Mwanamke hashiki obokano, mamake alisema, na alisema vile mtu anavyosema kwamba mvua hunyesha. Ila kuhusu gitaa hakuna aliyewahi kukataza neno, na hapo ndipo Kemuma alipoona upenyo.

Kilichomkosesha raha ni kwamba wimbo ulikuwa unamtoka. Aliuimba kimoyomoyo akichuma chai, ukaenda vizuri, ukapanda, ukashuka, kisha ukafika mahali pamoja ukakatika. Siku zote mahali palepale. Alijua kuna kipande kimebaki, na alijua kilikuwa kitamu kuliko vyote, lakini akifika pale hakupata kitu. Alimwuliza mamake.

"Sijui," mamake akajibu. "Mimi nilikuwa napika. Nani alikuwa na nafasi ya kusikiliza?"

Kemuma akaogopa. Alikuwa amemzika babake mara moja, na hakutaka kumzika tena.

Gitaa alilipata mjini Kisii, katika duka la Warsame, anayeuza redio, betri, taa za sola na chochote kingine ambacho lori limeleta.

"Ni ya mtoto?" Warsame akamwuliza akilipangusa vumbi.

"Ni ya kupigia baba."

"Sawa kabisa. Mzee anapenda muziki."

"Hapendi. Yeye ni kupika na kugombana tu."

Warsame akamkodolea macho, kisha akajipiga paji la uso. Kwa Ekegusii baba ni mama, na tata ndiye baba. "Nimezaliwa hapa hapa," akasema, "na bado mnanishika na hiyo baba yenu."

Lilikuwa gitaa la bei rahisi, rangi ya kahawia iliyopakwa kwa haraka, na nyuzi zake za chuma zilishika kutu zikingoja mnunuzi. Warsame akamwongezea pakiti ya nyuzi mpya. Siku ya soko iliyofuata, Kemuma alirudi amenuna.

"Warsame, ulinipatia pakiti haijajaa."

"Kwani ziko ngapi?"

"Sita."

"Gitaa ni sita, mama."

"Na zile mbili?"

Warsame akashusha gitaa jingine kutoka ukutani, wakazihesabu pamoja mbele ya wateja. Akashusha na la tatu. Kemuma aliondoka amekubali kwa mdomo, moyo umekataa. Njia nzima alikuwa na hakika kwamba kile kipande cha wimbo kilikaa kwenye zile nyuzi mbili ambazo Wazungu, kwa sababu wanazozijua wenyewe, waliona hazina kazi.

Akaanza kulivisha nyuzi mpya. Kuuliza si ujinga, lakini Kemuma hakuuliza, kwa sababu aliamini anajua. Alikuwa amemwona babake mara nyingi akizungushia vitambaa kwenye mti wa juu wa obokano, akafunga uzi juu ya kitambaa, akausokota mpaka uzi ukakaza. Basi naye alichana leso kuukuu, akavalisha kitambaa kila kigingi cha kichwa cha gitaa, akafunga nyuzi juu yake kwa fundo la nguvu. Kila alipokaza, ziliteleza. Alipofika kwenye ule mwembamba kuliko wote alikasirika, akakaza bila huruma, uzi ukakatika na kumchapa kwenye kifundo cha mkono, damu ikatoka.

Mamake alikuwa mlangoni akimenya ndizi. "Tata yako hakuwahi kupigwa na yake," akasema, akaendelea kumenya.

Aliyemwokoa ni Mwalimu Marion, anayefundisha shule ya jirani na kupiga gitaa kwenye misa ya Wakatoliki kila Jumapili. Jioni alipokuja kuchukua maziwa alikuta gitaa limekaa mezani na vilemba vyake sita. Akaweka kibuyu chini taratibu.

"Dada Kemuma, nani alifunga hii?"

"Ni mimi."

"Umeifunga kama ng'ombe."

Akacheka, Kemuma naye akacheka, na vitambaa vikatolewa. Marion akamwonyesha kwamba kila kigingi kina tundu, na uzi huingia tunduni kwanza. Upande wa chini, ile ncha yenye kijipete hutumbukizwa ndani ya gitaa na kubanwa kwa msumari wake wa plastiki, na usipobanwa vizuri msumari huruka. Unaacha uzi ulegee kidogo, ndipo unazungusha kigingi, mizunguko ikishuka mmoja chini ya mwingine bila kupandana. Ukimaliza unauvuta kwa kidole, unakaza tena, unauvuta tena, kwa maana uzi mpya hudanganya siku za kwanza. Uzi mwembamba aliuleta kesho yake kutoka kwenye akiba yake mwenyewe. Kisha akatoa simu, akaiweka karibu, na kila uzi ulipofika pake simu ikawasha taa ya kijani.

Uzi mmoja tu ulikataa adabu, ule mnene wa juu kabisa. Ulilia vizuri, halafu ukafuatwa na mkwaruzo.

"Inakoroma," Marion akasema. "Ni ugonjwa wa gitaa za bei rahisi. Ona hapa kichwani, mfereji wa uzi umechimbwa sana. Uzi unalala chini, unagonga hivi vyuma vya shingo."

Akakata kipande kidogo cha jalada la kitabu, akakikunja, akakisukuma chini ya uzi pale mferejini. Akapiga. Mkoromo ukawa umekwisha. Kemuma akamshukuru sana na kumjazia kibuyu hadi shingoni.

Akajifunza. Vidole vilimuuma, vikafanya sugu juu ya sugu za chai. Alitafuta wimbo wa babake sauti moja moja, kama mtu anayeokota maharagwe yaliyomwagika gizani, mpaka akazipata zote hadi pale panapokatika. Akaupiga. Sauti zilikuwa sahihi na safi, na taa ya kijani ingewaka kwa kila moja. Akaupiga tena, akaona machozi yanamjia, wala si ya furaha. Wimbo ulikuwa wa babake lakini babake hakuwamo. Akaliegemeza gitaa ukutani, na kwa siku nyingi hakuligusa, akichuma chai yake bila hata kuimba kimoyomoyo.

Mamake aliona. Akaanza kumwekea vipande vinono vya nyama mchuzini.

Halafu ikaja alasiri moja ya mvua, ile mvua ya kwetu inayofukuza watu mashambani kwa pamoja. Mamake alikuwa jikoni, chumba cha pili, amesinzia kando ya moto. Kemuma aliketi sebuleni hana la kufanya, akitazama vikombe kabatini vilivyotulia tuli, na neno la Marion likamrudia. Inakoroma. Marion alilisema kama jina la ugonjwa. Kemuma alilijua neno hilo tangu utotoni, na halikuwa ugonjwa.

Akachukua gitaa. Akauinua ule uzi mnene, akachokoa kile kipande cha jalada kwa pini ya nywele, akakitupa. Kisha akafanya jambo ambalo Marion angelipigia kelele. Akazilegeza zile nyuzi nene, bila simu na bila taa, akizishusha kidogo kidogo huku akiguna kwa sauti nene iwezekanavyo, akitafuta mahali ambapo koo la babake lilikuwa likikaa. Nyuzi zilivyolegea ndivyo zilivyozidi kugonga vyuma, na gitaa la bei rahisi likakoroma kama lililolewa. Kikombe kimoja kikaitikia kabatini.

Akapiga wimbo. Sauti ilikuwa ile ile. Alikuwa na miaka sita, yuko chini ya blanketi, na babake yuko upande wa pili wa ukuta. Wimbo ukapanda, ukashuka, ukafika pale mahali pake, ukakatika kama siku zote. Kemuma akabaki na mkono hewani. Hata mkoromo haukutosha, basi.

Ndipo sauti ya mamake ikatoka jikoni, nzito kwa usingizi.

"Mzee, punguza. Watoto wamelala."

Maneno hayo hakuambiwa Kemuma, na miaka mingi ilikuwa imepita tangu yasemwe katika nyumba ile. Lakini aliyajua. Kila jioni mama aliyasema, na kila jioni aliyasema wimbo ukiwa umefika hapo. Na babake hakuacha kupiga wala hakujibu. Alilaza ukingo wa kiganja juu ya nyuzi na kuendelea chini chini, kwa ajili ya watoto waliolala. Mtoto mwenyewe ndiye Kemuma, usingizi ukiwa tayari umemshika mguu mmoja. Ndiyo maana alikuwa hakikumbuki kile kipande. Alikisikia akiwa anakwenda zake.

Akalaza kiganja juu ya nyuzi. Vidole vikaenda vyenyewe, na kipande kikaja, kidogo, kizito, kikikoroma kwa sauti ya chini hadi mwisho. Nyuzi sita zilimtosha. Alilia waziwazi, na mvua ikamsaidia kuficha.

Kisha, kutoka jikoni, "Kemuma?"

"Ee, Baba."

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

Kijiti kikasogezwa motoni. "Nilidhani," mamake akaanza, akaliacha neno hapo. Kemuma akamsikia akijikokota kuinuka, akamwona amesimama mlangoni, mkono mmoja kwenye fremu, amejifunga leso yake vibaya kwa sababu ya haraka.

"Rudia," mama akasema.

Kemuma akarudia tangu mwanzo, kwa nguvu zote za gitaa lile bovu, vikombe vikiitikia. Alipofika pale, akasimama, akamtazama mamake, akangoja.

Mama alikuwa macho kabisa safari hii. Alijifuta uso kwa pindo la leso.

"Punguza, mzee," akasema polepole. "Watoto wamelala."

Na Kemuma akapunguza.